Maswali Yenu: Fumbo la Maneno Linatungwaje?

Kwa kawaida ukurasa huu hujibu maswali ya sarufi na methali. Mwezi huu mhariri amenipa mimi, mtunzi wa fumbo la maneno la ukurasa wa mwisho, kwa kuwa barua zinazouliza habari za fumbo zimerundikana. Nilifundisha Kiswahili katika shule za msingi za Eastlands, Nairobi, mpaka nikastaafu, na wasomaji wengi bado huniita Mwalimu. Nimechagua barua zinazouliza kazi yenyewe inavyofanywa. Wanaotaka majibu ya fumbo lililopita watayapata chini ya fumbo jipya, kama kawaida.

SWALI: Mwalimu, mimi ni mpenzi wa mafumbo ya Kiingereza, hasa yale ya Kimarekani ambayo miraba myeusi ni michache na kila herufi inasomeka mlalo na wima. La kwako lina miraba myeusi mingi, na herufi nyingine zinasomeka upande mmoja tu. Kwa nini usitutungie lililojaa kama yao?
– Msomaji, Umoja

JIBU: Ndugu yangu, lugha yenyewe ndiyo inayokataa. Chora jedwali la miraba 15 kwa 15, kipimo ambacho magazeti ya Marekani na Uingereza hutumia siku za kawaida. Tazama safu ya chini kabisa. Katika fumbo la Kimarekani, kila herufi ya safu hiyo ni herufi ya mwisho ya neno linaloshuka kutoka juu. Sasa tazama maneno yetu: kitabu, meza, mvua, ndege, samaki, mto. Yote yanaishia kwa irabu. Basi safu nzima ya chini itakuwa irabu tupu, na irabu hizo zinatakiwa ziunde maneno zikisomwa mlalo. Tuna "ua", tuna "oa", tuna "au". Yote ni ya herufi mbili, na Wamarekani hawaruhusu neno lenye herufi chini ya tatu. Ukingo wa kulia una taabu hiyohiyo, kwa sababu ndipo maneno ya mlalo yanapoishia. Na kila mraba mweusi unaouweka katikati ya jedwali unazaa ukingo mwingine wa namna hiyo, juu yake na kushoto kwake.

Anayetunga kwa Kiingereza ana maneno chungu nzima yanayoishia S, T, D, N na R, na herufi hizohizo ndizo zinazoanzisha maneno yake mengine. Kwa hiyo analijaza jedwali mpaka pembeni bila kuvunja lugha yake.

Sisi nasi tunayo machache yanayoishia kwa konsonanti. Kuna hususan, takriban, mathalan. Kuna majina ya kaunti: Wajir, Marsabit, Narok, Bomet, Machakos. Nimeyaandika yote kwenye kurasa za mwisho za daftari langu na ninayatumia kwa uangalifu, moja moja, pale ambapo pembe imegoma kabisa. Lakini ukijaza ukingo mzima kwa Wajir na Narok na Bomet, umetunga mtihani wa jiografia.

Ndiyo sababu nafuata mtindo wa Uingereza, ule ambao neno hukutana na jirani yake kila baada ya mraba mmoja. Hiyo miraba myeusi unayoiona kuwa mingi ndiyo inayoyawezesha maneno ya Kiswahili kukaa pamoja bila kulazimishwa.

SWALI: Hujambo Mwalimu? Niko gredi ya 8. Nataka kutunga fumbo langu mwenyewe lakini kila nikifika katikati maneno yanakataa kukutana. Nianzie wapi?
– Mwanafunzi, Kayole

JIBU: Sijambo, mwanangu. Weka kando jedwali kubwa. Chukua daftari la hesabu, lile la miraba, penseli, kifutio, na uchore mraba wa 5 kwa 5. Maneno yatakaa safu ya kwanza, ya tatu na ya tano, mlalo na wima. Miraba minne inayobaki ipake rangi nyeusi.

Watu wengi huanzia juu kushoto, kwa kuwa ndiko tunakoanzia kusoma. Wewe anzia chini kulia, kwa kuwa ndiko maneno yanakogomea. Neno la safu ya chini linakutana na herufi za mwisho za maneno matatu yanayoshuka, na hizo ni irabu. Kwa hiyo unahitaji neno la herufi tano ambalo herufi yake ya kwanza, ya tatu na ya tano ni irabu. Lugha yetu imejaa maneno hayo: elimu, amani, imani, asali, akili, uhuru, ugali, adabu. Ukingo wa kulia nao unadai neno la aina hiyohiyo.

Mimi niliweka ELIMU chini na IKULU kulia. Yanakutana kwenye U. Kisha katikati nikatafuta neno la mlalo linaloishia U na lenye irabu ya kwanza na ya tatu, nikaweka ADABU. Baada ya hapo kulibaki kazi ndogo: neno la wima lenye herufi ya tatu A na ya tano E, na jingine lenye herufi ya tatu A na ya tano I. Hili hapa jedwali lote:

M B U Z I
K ■ G ■ K
A D A B U
T ■ L ■ L
E L I M U

Mlalo: mbuzi, adabu, elimu. Wima: mkate, ugali, ikulu. Vidokezo vitunge mwenyewe, hapo ndipo utakapojua kama unaipenda kazi hii. Ukimaliza, futa ELIMU na IKULU ujaribu maneno mengine kwenye nafasi zile. Utaona jinsi neno moja likibadilika linavyoyavuta mengine yote.

SWALI: Fumbo lako nikiligeuza juu chini, miraba myeusi haikai mahali pale pale. Ya Kiingereza hukaa. Mimi ni mhasibu, kitu kisicholingana hunisumbua. Je, ni makusudi?
– Msomaji, Upper Hill

JIBU: Ni makusudi, bwana mhasibu, na nimefurahi sana kwamba umeliona, kwa kuwa hili ndilo jambo ninalolipenda kuliko yote katika kazi hii.

Kwanza fanya jaribio dogo. Andika neno lenye herufi sita na umwonyeshe jirani yako irabu zake tu: tupu, A, tupu, A, tupu, I. Mwulize ni neno gani. Anaweza kukujibu safari. Anaweza pia kukujibu samaki, habari, hatari, bahati, wakati, zamani, kabati au karani, na yote ni sawa. Sasa mwonyeshe konsonanti za neno lilelile: S, tupu, F, tupu, R, tupu. Atasema safari, safiri au sifuri, kisha atakwama. Kwa Kiswahili, konsonanti ndizo zinazomwambia mjazaji jambo. Irabu zinajaza nafasi na kumwacha pale alipokuwa. Hata lile jedwali nililompa kijana wa Kayole lina udhaifu huo: kati ya makutano yake tisa, manane ni irabu, na konsonanti ni M peke yake. Kwa kujifunzia linatosha. Kwa fumbo la ukurasa mzima lisingetosha, kwa sababu mtu akishindwa na kidokezo hakuna herufi ya kumwokoa.

Sasa, maneno yetu mengi huenda konsonanti, irabu, konsonanti, irabu. Nikiweka SAFARI mahali ambapo herufi ya kwanza iko kwenye makutano, basi makutano yake yote ni S, F na R. Mjazaji amepata msaada wa kweli. Lakini geuza ukurasa juu chini, kama kanuni ya Waingereza inavyotaka. Nafasi ileile ya herufi sita sasa inaanza kwenye mraba usiokutana na kitu na kuishia kwenye makutano. Weka SAFARI humo: makutano yake ni A, A na I. Yaani ulinganifu wa kugeuza ukurasa, ambao kwa Kiingereza haudhuru, kwetu unaligawa fumbo sehemu mbili. Upande mmoja wa jedwali una konsonanti na unajazika. Upande wa pili una irabu na unamtesa mtu bure.

Baada ya kuliona hilo niliacha kugeuza ukurasa, nikaanza kuukunja. Kunja fumbo langu kwenye mshazari, kuanzia pembe ya juu kushoto hadi pembe ya chini kulia, kisha ulitazame kwenye mwanga. Miraba myeusi italaliana yote. Safu ya kwanza ya mlalo ina umbo sawa na safu ya kwanza ya wima, ya tatu na ya tatu, hadi mwisho. Kwa ulinganifu huo hakuna neno linalobadilishiwa mahali pa kuanzia, na konsonanti zinabaki kwenye makutano nusu zote mbili. Kwa hiyo hesabu inalingana, ila inalingana kwa kipimo cha lugha yetu. Nilipolijaza la kwanza kwa namna hiyo mpaka pembe ya mwisho, nilisimama mezani nikapiga makofi peke yangu.

Yapo pia maneno yanayobadili hatua katikati, na hayo ni ya kutunzwa. Karanga, mahindi, kibanda: herufi ya kwanza, ya tatu na ya tano ni konsonanti, halafu nasali na konsonanti zinakaa pamoja, na herufi ya saba inageuka irabu. Neno kama hilo linatoka kwenye eneo la konsonanti na kuingia kwenye eneo la irabu bila kukatika. Bila maneno ya "nd", "ng" na "mb" nisingeweza kuziunganisha pembe za jedwali.

SWALI: CH ni mraba mmoja au miwili? Nyumbani tunabishana.
– Familia ya Donholm

JIBU: Miwili. Ninajua kwamba CH ni sauti moja na kwamba C peke yake haina kazi katika alfabeti yetu, na mtunzi anayeiweka katika mraba mmoja ana hoja. Mimi ninafuata mraba mmoja kwa alama moja ili watoto wasibabaike, na nafanya vivyo hivyo kwa sh, th, dh, gh na ny. Ritifaa ya ng' kama katika ng'ombe haihesabiwi mraba wake: neno hilo lina miraba sita.

Shida ni kwamba C ikikaa kwenye makutano italazimisha CH nyingine ikutane nayo. Basi huisogeza. Chukua CHAKULA. Lianzie kwenye mraba usio na makutano, na herufi zitakazokutana na majirani ni H, K na L. Ni konsonanti zote tatu. Likianzia kwenye makutano unapata C, A, U na A, na hapo umejifunga.

SWALI: Kwa nini sioni vitenzi kama "alikuja" au "tutaonana" kwenye fumbo lako? Si Kiswahili?
– Msomaji, Kawangware

JIBU: Ni Kiswahili kizuri. Lakini nikiruhusu viambishi vya nafsi na njeo, mzizi mmoja utanipa mamia ya maumbo, na hakuna pembe itakayonishinda tena. Fumbo likiwa rahisi kwa mtunzi kiasi hicho, huwa halina ladha kwa mjazaji, kwa kuwa hana njia ya kukisia kama ni alikuja, ulikuja au atakuja.

Ninachojiruhusu ni mnyambuliko unaoweza kusimama peke yake. Pika ina herufi nne, pikwa na pikia tano, pikika sita, pikisha saba, pikishwa nane. Hiyo ni zawadi ambayo watunzi wa lugha nyingi hawana: nafasi ikibadilika urefu, mzizi unanyooshwa kuifuata. Natumia mbili au tatu katika fumbo zima, na kamwe si za mzizi mmoja.

SWALI: Na Sheng je?
– Kijana, Dandora

JIBU: Sheng inaingia, ikiwa na alama "mtaani" kando ya kidokezo. Keja, karao, ganji, zote zimewahi kupita kwangu. Nina masharti mawili. Kwanza, neno liwe linajulikana Dandora na Kawangware pia, kwa kuwa Sheng hubadilika ukivuka barabara. Pili, maneno mawili ya Sheng hayakutani. Mzee wa Woodley asiyelijua neno lenu lazima aweze kulipata kupitia maneno anayoyajua.

SWALI: Mwalimu, nakuheshimu lakini kidokezo cha "Hutembea ubavu ufukweni, huwaka jikoni (3)" kilininyima usingizi. Jibu lilipotoka watoto walinicheka. Je, ni haki kumfanyia mtu hivyo?
– Mama, Lang'ata

JIBU: Mama, pole kwa usingizi, lakini ninakitetea kidokezo hicho neno kwa neno. Jibu ni KAA, herufi tatu. Kaa wa baharini hutembea ubavu. Kaa la moto huwaka jikoni. Hakuna nilichokuficha ambacho hukijui, na ninaamini ulipoliona jibu ulisema, "Ah!" Ule mguno ndio ninaoutafuta. Kidokezo kigumu kinakubalika ikiwa mtu akishapata jibu hana la kubishana. Kidokezo kibaya ni kile ambacho hata ukishaambiwa jibu bado unauliza, "Kwa nini lisiwe lile jingine?"

Kipimo changu ni hiki: kidokezo na jibu viweze kubadilishana nafasi katika sentensi. Jibu likiwa wingi, kidokezo kiwe wingi. Jibu likiwa katika kauli ya kutendwa, kidokezo kiwe hivyohivyo. Siwezi kuandika "Mnyama wa porini" halafu jibu liwe TWIGA WAWILI.

Kisha kuna upatanisho wa kisarufi, ambao ndio unaoamua ugumu, na sijui lugha nyingi zinazompa mtunzi chombo kizuri namna hii. Nikiandika "Hukipikia mchuzi", nimekwisha kukuambia kwamba jibu ni la ngeli ya KI-VI, basi utaandika CHUNGU bila kusita. Nikiandika "Chombo cha kupikia mchuzi", kiambishi kinafuata chombo, na jibu laweza kuwa chungu au sufuria. Siku za wanaoanza naacha kiambishi cha jibu kionekane. Siku nyingine nakificha. Kwa kidokezo cha kaa nilitumia "hu-" makusudi, kwa sababu "hu-" haibadiliki kwa ngeli yoyote, na kaa wawili hao hawako ngeli moja. Mbuzi nimemfanyia hivyohivyo: "Hula majani, hukuna nazi (5)".

Nikichoka na vidokezo vyangu narudi kwa waliotutangulia. "Kuku wangu katagia miibani", na jibu nanasi, ni kidokezo kamili, na kimedumu kuliko fumbo lolote lililochapishwa. "Nyumba yangu haina mlango", yai. Watu waliokaa kando ya moto wakitegeana vitendawili walikuwa wanafanya kazi hii bila jedwali. Unapowategea watoto wako kitendawili jikoni Lang'ata, mama, wewe ni mtunzi mwenzangu, na ungenifurahisha sana kama ungenitumia viwili vitatu vya kwenu.

SWALI: Siku hizi kompyuta hufanya kila kitu. Bado unatumia penseli?
– Msomaji, South B

JIBU: Natumia vyote viwili. Programu za kujaza jedwali zipo na zina kasi. Lakini zinafuata orodha ya maneno uliyoziwekea, na orodha hiyo kwa Kiswahili lazima uitengeneze mwenyewe. Ukiiwekea kila kidahizo cha kamusi bila kuchagua, itakujazia jedwali kwa maneno sahihi ambayo hakuna mtu aliyewahi kuyasikia sokoni wala kanisani wala msikitini. Orodha yangu imepangwa kwa urefu na kwa konsonanti, na kila neno nimelipima mwenyewe: je, mtu anayesoma gazeti hili amewahi kulitamka? Mabishano ya tahajia huamuliwa na Kamusi ya Kiswahili Sanifu, iliyotolewa mara ya kwanza mwaka 1981 na Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Kompyuta inanisaidia kukagua. Kuchagua kunabaki kwangu.

SWALI: Mwalimu mwenzangu, nina darasa la watoto 50 na zaidi. Fumbo la maneno laweza kunisaidia kufundisha msamiati? Na ni nani aliyeuanzisha mchezo huu?
– Mwalimu, Mathare

JIBU: Laweza, ila usiwape watoto la kujaza tu. Wape jedwali tupu, wao waweke maneno, kisha wabadilishane ili kundi moja litunge vidokezo vya maneno ya kundi jingine. Mtoto anayetafuta neno lenye herufi ya tatu L atapekua kamusi kwa hiari yake, jambo ambalo mimi kwa miaka yangu yote ya ualimu sikulipata kwa kuamrisha. Kamusi zikiwa chache shuleni, maktaba ya McMillan pale Banda Street ni ya umma.

Mwanzilishi wa fumbo la kisasa ni Arthur Wynne, mzaliwa wa Liverpool, aliyelichapisha katika gazeti la New York World tarehe 21 Desemba 1913. Jedwali lake lilikuwa na umbo la almasi.

Lakini kwa kuwa wewe ni mwalimu, utapenda zaidi kisa cha Leonard Dawe. Alikuwa mwalimu mkuu nchini Uingereza na mtunzi wa mafumbo ya gazeti la Daily Telegraph. Mwezi wa Mei na mwanzoni mwa Juni 1944, fumbo lake lilitoa majibu kama Utah, Omaha, Overlord, Mulberry na Neptune. Yote yalikuwa majina ya siri ya mpango wa majeshi ya washirika kutua Ufaransa, uliotekelezwa tarehe 6 Juni. Maafisa wa usalama walikwenda kumhoji, naye hakuwa na la kueleza. Mwaka 1984 mmoja wa waliokuwa wanafunzi wake alisema kwamba Dawe alikuwa akiwaachia wavulana wajaze majedwali matupu kwa maneno, kisha yeye anatunga vidokezo, na kwamba wavulana hao waliyasikia maneno yale kwa wanajeshi waliokuwa wamepiga kambi karibu na shule. Watoto huleta maneno ya pale wanapoishi. Wa kwako wataleta ya Mathare, na wewe utajifunza mengine.

SWALI: Kazi hii inalipa?
– Msomaji, Roysambu

JIBU: Hailipi kodi ya nyumba. Mtu aliye na watoto shuleni asiitegemee.

Kuhusu ninachokipata: kuna wakati jedwali limebakiza pembe moja, na nimejaribu kila neno lililo daftarini, kisha nabadilisha herufi moja mbali kabisa, upande wa pili wa ukurasa, na ghafla maneno yanaanza kuitana. Mengine sikuyapanga. Katika lile jedwali dogo hapo juu, sikukusudia mkate na ugali viwe pamoja, wala viwe na Ikulu ubavuni. Makutano yaliyaleta. Furaha hiyo siwezi kuilinganisha na chochote nilichowahi kukifanya kwa mikono yangu.

Na kuna furaha ya pili. Nikiwa ndani ya matatu ya 58, foleni ya Jogoo Road imesimama, nimewahi kumwona mtu kiti cha mbele amekunja gazeti hili gotini na kalamu mkononi. Alikaa muda mrefu bila kuandika. Kisha akatikisa kichwa, akatabasamu, akajaza neno zima kwa mkupuo. Sikumwambia mimi ni nani. Nilitamani kujua tu ni kidokezo cha ngapi.

SWALI: Mwalimu, nimetunga jedwali langu la kwanza la 7 kwa 7 na limejaa lote isipokuwa neno moja la wima. Herufi zilizopo ni G, tupu, K, tupu, M, tupu, A. Nimepekua kamusi mpaka macho yanauma na sitaki kuvunja kazi yote. Nisaidie.
– Msomaji, Ngara

JIBU: Usivunje kitu, dada yangu. Uko Ngara, na neno lako liko karibu na unapoishi: GIKOMBA.

Kamusini hukulipata kwa kuwa ni jina la mahali. Jina la mahali halina kasoro katika fumbo, mradi maneno yanayolikata yawe ya kila siku. Kwa hiyo angalia yale ya mlalo yanayopita kwenye G, K, M na A. Kama kuna gumu hata moja, andika kidokezo chake upya kiwe chepesi, ili msomaji wa Kisumu au wa Lamu asiyewahi kufika soko hilo aweze kulijenga jina herufi kwa herufi. Kidokezo cha Gikomba chenyewe andika hivi: "Soko la mitumba kando ya Mto Nairobi (7)". Kisha nitumie jedwali lote pamoja na vidokezo vyake, na uandike kwa penseli, kwa sababu kona ya juu kulia nitaigusa kidogo kabla halijachapishwa.